Watu Thelathini na Mmoja wa Radi ya Luama

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja kwenye meza yangu hapa sokoni Kasongo na katoni ya vitu vya marehemu babu yake: funguo zisizo na kufuli, miwani ya jicho moja, na kaseti. Alitaka kuviuza vyote pamoja. Nikamwambia miwani ya jicho moja ni nusu ya miwani, basi na bei iwe nusu, tukabishana vizuri kama watu wenye heshima. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kaseti. Haikuwa na jalada, na utepe wake ulikuwa umetoka nje kama utumbo wa kuku. Nikachomeka kalamu ya biki kwenye tundu, nikaanza kuzungusha. Kijana akaniuliza ninafanya nini. Ninyi wa rika langu hamtaniuliza.

Utepe ulipoanza kurudi ndani, ilinijia ile harufu ya plastiki iliyoshinda kwenye jua. Nilisahau kubishana. Nilimpa alichotaka, kosa ambalo halinipati mara nyingi, na mwenye meza ya jirani akanitazama kama anayetazama mgonjwa.

Kwetu Wamaza tulikuwa na redio moja ya kaseti na kaseti moja. Baba aliipata Lusangi, kwa mchimbaji aliyekuwa na haja ya viatu kuliko haja ya muziki. Ilikuwa ya okesta iliyojiita Radi ya Luama, vijana wa Kabambare waliokwenda Kalemie kutafuta maisha, wakapata magita ya umeme. Upande wa kwanza ulikuwa na nyimbo nne, upande wa pili tatu na nusu, kwa sababu ya nne ilikatwa katikati na sauti ya mtu akikohoa. Hata kile kikohozi tulikijua kwa moyo.

Mapile ya redio, yaani betri zake, yakichoka tuliyaanika juu ya bati, karibu na mihogo. Jioni yalikuwa ya moto mkononi, yakinuka kutu na chumvi, na redio ilikubali kuimba tena, ila polepole. Hakuna aliyetuambia kwamba mapile yaliyochoka huburuta wimbo. Basi mimi niliijua sauti ya mwimbaji kuwa nzito, ya mzee mnene anayeimba akiwa ameketi. Na wimbo niliopenda kuliko zote, wa tatu upande wa kwanza, nilijua kabisa ni wa msiba. Niliusikiliza nikiwa nimeshika kichwa, kama nilivyoona wanawake wakubwa wakifanya.

Mnajua okesta zetu zinavyofanya. Gita likishachangamka, mwimbaji anaacha maneno ya wimbo na kuanza kutupa majina: Papa Sefu wa Kalemie, Yaya Ngoy, ndugu mkubwa mwenye boti, Mama Asha wa Nyunzu. Ninyi mnajua nani hutajwa na kwa nini. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikujua. Nilichosikia ni kwamba kila jina likiitwa, gita linaitika. Mwimbaji anasema "Papa Sefu", gita linajibu. Anasema "Mama Asha", gita linajibu kwa namna nyingine. Mtu akiitwa na kuitika, maana yake yupo. Kwa hiyo Papa Sefu alikuwa mpiga gita, na Mama Asha vilevile, na nilimwonea fahari sana Mama Asha kwa kuwa mwanamke.

Nilihesabu. Upande wa kwanza majina kumi na manne, wa pili kumi na mawili. Nikaongeza mwimbaji, mwenzake wa sauti ya pili, mtikisa kopo la mbegu, mpiga ngoma na mwenye gita nene. Thelathini na moja. Nikahesabu tena kwa punje za mahindi. Thelathini na moja.

Kiangazi cha mwaka huo Baba alinileta Kasongo kwa dada yake, nimsaidie kazi mwezi mmoja. Watu walimwita Mama Mwamini. Mwamini ni jina lake mwenyewe. Kwetu mwanamke akishakuwa mtu mzima anaitwa Mama, amezaa au hajazaa, na yeye hakuzaa. Mume alimrudisha kwao kwa sababu hiyo. Yeye hakurudi kwao, alikuja Kasongo, akajenga kibanda na kuanza kuuza wali na sombe, majani ya mihogo ya kutwanga. Hakuongea mengi. Alinipa kazi ya kupima mchele, na kwa kuwa nilipima kila kopo mara mbili, hakuwahi kunikuta na kosa.

Nilitaka kubaki. Nyumbani tulikuwa watoto saba kwenye mikeka miwili. Kwa Shangazi nililala kitandani peke yangu, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na shule yenye madirisha. Sikumwambia mtu. Nilikuwa napima mchele vizuri tu, nikingoja mwenyewe aone.

Siku moja akaja mwenye duka la baiskeli, yule aliyekuwa akileta okesta mjini.

"Mama Mwamini, Jumapili Radi ya Luama wanacheza pale uwanja wa shule. Uwapikie."

"Wako wangapi?"

"Okesta muzima."

"Okesta si kipimo, Papa. Wako wangapi?"

"Bado sijue. Minaenda kuwapokea kwa njia, daraja imeharibika. Weye pika tu. Kila mutu mwenye atakula, nitalipa."

Akapanda pikipiki akaondoka, na siku zile simu ilishika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya parokia, na yeye hakuwa na mazoea ya kuijibu. Shangazi alisimama na kopo la mchele mkononi.

"Shangazi, mimi najua. Wako thelathini na moja."

"Unawajulia wapi?"

"Kwa kaseti ya Baba. Nilihesabu."

Nikamtajia wote kwa vidole, na vidole vilipoisha nikatumia vya kwake. Alisikiliza mpaka mwisho. Mtu yeyote mwenye akili angesema mtoto huyu ni mgonjwa. Lakini Shangazi hakuwa na redio, na kopo langu la mchele halikuwahi kudanganya.

"Na huyu Mama Asha, anakula sana?"

"Anapiga gita moja tu."

"Bien," akasema. "Tutamuwekea sahani ya kawaida."

Jumapili tulichinja mbuzi. Tulitwanga sombe tangu alfajiri, mawese yalichemka, na wali tuliupika kwenye sufuria kubwa tuliyoazima parokiani, ile ya sikukuu. Shangazi alihamishia jiko karibu na lango la uwanja, chini ya turubai la bluu. Uwanja wenyewe ulikuwa umezungushiwa maturubai pande zote ili wasiolipa wasione. Masikio yao hayakuzuiwa. Kando yetu alikaa jirani anayechoma maandazi, mwanamke mwenye maneno.

"Mama Mwamini, unapikia harusi ya nani?"

"Okesta."

"Okesta ao jeshi?"

Shangazi aliendelea kugeuza wali. Alikuwa amenunua mchele huo kwa mtaji wake wote, nami nilijua, kwa kuwa niliona lile bati lake la fedha, chini ya kitanda, likiwa wazi na tupu.

Walifika mchana, jua likiwa juu ya kichwa. Pikipiki tano zenye vumbi, kila moja na dereva wake na mwanamuziki mmoja nyuma. Ya mwenye duka ilikuwa mbele. Magita yalifungwa kwenye nailoni kama maiti, ngoma imefungwa kwa kamba za mpira. Nikahesabu watano. Nikahesabu tena, watano. Nikaangalia barabara.

"Wengine wako nyuma," nikamwambia Shangazi.

Vumbi lilitua. Mbuzi wa watu akavuka barabara, kisha mtu na baiskeli ya ndizi. Hakuna aliyekuja nyuma.

Waliketi kula. Mmoja, mwembamba kama ufito, mwenye shati la maua na sauti nyembamba, alisifu sombe. Nikamwuliza mwimbaji yuko wapi.

"Njo miye," akasema, akijigonga kifua.

"Hapana. Yule muzee."

"Muzee gani?"

Nikaona bora kwanza niulize la muhimu. "Na Papa Sefu iko wapi? Na Yaya Ngoy? Na Mama Asha wa Nyunzu?"

Wote watano waliacha kula. Mwimbaji alinitazama kwa heshima, kama mtu aliyetajiwa ukoo wake ugenini.

"Papa Sefu alitununulia nyuzi za gita," akasema. "Yaya Ngoy alituvusha kwa boti yake, hakuomba kitu. Mama Asha alitulaza kwake siku tatu mvua ikinyesha. Mutu akitusaidia, tunatupa jina lake. Njo asante yetu."

"Na gita zao?"

"Gita nyembamba iko moja." Akaonyesha kijana wa pembeni aliyekuwa akinyonya mfupa. "Ni huyu anawajibia wote."

Sijui kama mmewahi kupoteza watu ishirini na sita kwa sentensi moja. Sikulia. Niligeuka, na Shangazi alikuwa nyuma yangu, amesikia yote.

Mwenye duka la baiskeli alilipa sahani tano, kama alivyoahidi, akaenda langoni kupokea viingilio. Shangazi aliketi kwenye kigoda, akatazama sufuria.

"Feza. Ulihesabu mara ngapi?"

"Mara mbili, Shangazi."

"Ungehesabu mara moja, pengine tungepona."

Jirani wa maandazi alicheka mpaka akaunguza maandazi mawili. Shangazi hakunipiga, hakupandisha sauti. Alisema tu, "Kesho pikipiki ya Wamaza inaondoka asubuhi. Utapanda," kisha akaanza kufunika wali. Jua lilikuwa kali. Chakula kile hakikuwa cha kungoja kesho, na bati lilikuwa tupu.

Nikachukua beseni, nikapanga sahani, nikaenda kwenye mstari wa watu langoni. Wengi walikuwa wametembea tangu asubuhi kutoka vijijini. Walikuwa wamelipa mlango na kubaki na njaa tupu. Hapo ndipo nilipojifunza kazi ninayoifanya mpaka leo. Mtu akisema hana kitu, usimwamini na usimbishie; mwambie asogee kwenye moshi wa nyama. Mwanamume mmoja alisema atakula nusu sahani. Nikamwambia nusu ya wali ni sawa, lakini mbuzi hana nusu. Akala nzima. Mwingine alitoa karanga kikapu kidogo kwa sahani mbili, nikazikubali, nikaziuza hatua kumi mbele. Nilimaliza sahani tisa. Zikabaki kumi na saba, na mstari ukawa umekwisha kuingia uwanjani.

Ndani, jenereta likakohoa na kuwaka. Mtu akagonga maikrofoni. Radi ya Luama ilikuwa karibu kuanza, na mimi nilikuwa nje na beseni.

Niliinua turubai upande wa nyuma, nikapita chini. Mwimbaji alikuwa akifunga kamba ya kiatu, mguu juu ya boksi la spika.

"Papa, mukitoka hapa munaenda wapi?"

"Kabambare."

"Na daraja ile?"

Akaacha kamba. "Siku mbili, njia ikituhurumia."

"Mutakula nini?"

"Mungu iko."

"Mungu iko, lakini hapiki. Miye niko na wali, mbuzi na sombe, nafunga kwa majani ya ndizi. Mbuzi imechomwa vizuri, inafika kesho. Mutupe jina ya Mama Mwamini."

Alinitazama upya. "Mafungu ngapi?"

"Matano. Jina mara tatu."

"Jina mara moja. Na mafungu kumi."

"Kumi ni ya Papa Sefu, huyo mwenye nyuzi. Sita. Na useme yuko pale lango, turubai ya bluu, na wali iko moto."

"Hiyo si jina tena, hiyo ni barua."

"Utaiimba. Weye uko na sauti."

Akacheka, akatema mate pembeni, akakubali sita. Kisha akauliza, akiwa ameshageuka kwenda, "Huyo Mama Mwamini njo mama yako?"

Nilikuwa naharakisha, nahesabu majani kichwani, na kueleza habari ya shangazi ni maneno mengi. Nikasema, "Ehe."

Nilirudi mbio. Shangazi aliniona nikifunga mafungu sita, akauliza ya nani. Nikamwambia ni ya okesta, kwa safari, wamelipa. Hakuuliza wamelipa nini. Nilipoyapeleka na kurudi, sahani kumi na moja zilikuwa bado kwenye sufuria, na muziki ukaanza.

Nataka kusema ukweli kuhusu dakika ile. Nilikuwa nje ya turubai, sikuona mtu, na bado tumbo langu liliona. Lile gita nene, ambalo kwenye redio yetu lilikuwa nzi ndani ya kopo, liliingia kwa miguu, likapanda magotini, likakaa chini ya mbavu. Vifuniko vya sufuria vililia vyenyewe. Na wimbo ulikuwa ule wangu wa tatu, wa msiba, ila sasa ulikuwa unakimbia. Nilichukua muda kuutambua, kama mtu aliyemjua mzee kitandani halafu akamwona ujanani akicheza mpira. Kumbe ulikuwa wimbo wa harusi. Miaka yote ile nilikuwa nimemlilia bibi harusi.

Jirani alikuwa akitikisa mabega bila kusimama. Shangazi alikuwa ameketi vilevile, mikono magotini. Gita likapanda juu, likaanza kuchangamka, na nikajua majina yanakuja. Papa Sefu akapita, gita likamjibu. Mwenye duka la baiskeli akapita, akapigiwa makofi. Kisha ile sauti nyembamba ikasema, taratibu, kila mtu uwanjani akisikia:

"Mama Mwamini wa Kasongo, weye na mutoto wako. Pale lango, turubai ya bluu. Wali iko moto."

Na gita likamjibu. Kwa shangazi yangu, ambaye hakuwahi kuitwa na mtu ila kuombwa chumvi, gita lilijibu kwa muda mrefu, mrefu kuliko wa Mama Asha. Naapa kwa hilo.

Shangazi aliinuka. Sidhani alijua kwamba ameinuka. Alikuwa na mwiko mkononi. Watu wakaanza kuchungulia langoni, wakicheka, wakimwita kwa jina lake kama okesta ilivyomwita, wakitaka wali. Akapakua. Nikapokea. Mzee mmoja alitaka sahani mbili, mwanamke mmoja akataka ya kumpelekea mume ndani, na walipofika watu wanne wa mwisho tulikwangua sufuria kwa chuma. Wakati huo wote Shangazi hakunitazama, nami nilikuwa nangojea. Alikuwa amesikia lile neno la mtoto kama nilivyolisikia mimi, na mji mzima ulijua kwa nini mume alimrudisha.

Jirani ndiye aliyelisema. Alijifuta mafuta mikononi kwanza.

"Mama Mwamini, ulizaa lini? Sisi tulikuwa wapi?"

Watu wawili watatu waliokuwa wakila wakasogea karibu na sahani zao. Nikajiandaa kusema kosa ni langu, mwimbaji aliuliza haraka, sikuwa na maana mbaya.

"Nilizaa Wamaza," Shangazi akasema. "Weye ulikuwa unaunguza maandazi."

Akanichukulia beseni. "Na weye, unasimama hapa sababu gani? Ingia. Pita mbele, uko mufupi, nyuma utaona migongo tu."

Nilipita kati ya miguu ya watu mpaka mbele kabisa. Niliwaona watano wote kwa macho, jasho na viatu vyao. Sikuhesabu kitu.

Asubuhi pikipiki ya Wamaza ilipiga honi mbele ya nyumba. Nilikuwa uani na ile sufuria ya parokia, mikono imejaa majivu, nimeshafunga nguo zangu katika kitambaa kwa sababu hakuna aliyeniambia nisifunge. Nilimsikia Shangazi akitoka na kumpa dereva chumvi na sabuni za kumpelekea Baba.

"Na mutoto?" dereva akauliza.

"Iko anasugua sufuria. Wali imeshika chini, mwambie kaka yangu hii itamuchukua siku nyingi."

Ilinichukua miaka kumi na mmoja.